Je, Wajua? Ndege Ndogo na Dakika Zake za Kwanza

Je, wajua kwamba kazi ya kwanza ya rubani wa ndege ndogo hufanywa kwa miguu? Kabla ya kugusa ufunguo huizunguka ndege yake yote, toka mlangoni hadi mlangoni, akishika, akitikisa, akichungulia na kunusa. Ndege kubwa ya abiria ina mafundi wake na rubani wa pili. Cessna ya viti 4 mara nyingi haina mtu ila huyo atakayeirusha. Asichokiona yeye, hakuna mwingine wa kukiona.

Je, wajua orodha ya ukaguzi ilizaliwa kwenye ajali? Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Wright Field karibu na Dayton, Ohio, ndege mpya ya Boeing iliyoitwa Model 299 ilipaa kwa majaribio ya jeshi la Marekani. Ikainua pua mno, mabawa yakashindwa kuibeba, ikaanguka na kuwaka. Injini zake 4 zilikuwa nzima. Kilichoiangusha ni kufuli: kifaa kinachobana vibao vya usukani ndege ikiwa imeegeshwa, ili upepo usivipigepige. Hakuna aliyeifungua. Meja Ployer Hill alikufa, na Leslie Tower, rubani wa majaribio wa Boeing, akafa baadaye kwa majeraha. Hawa hawakuwa wanagenzi. Ndiyo maana wenzao hawakwenda kutafuta rubani hodari zaidi. Waliandika mambo ya kufanya kwenye karatasi, hatua kwa hatua, ili kumbukumbu ya mtu mmoja isibebeshwe mzigo wote. Ndege hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuwa ndege ya kivita B-17, na zaidi ya 12,000 zilitengenezwa.

Je, wajua kosa hilohilo lilirudi baada ya karibu miaka 80? Tarehe 31 Mei 2014, ndege binafsi aina ya Gulfstream ilijaribu kupaa usiku kutoka Bedford, Massachusetts, kufuli ikiwa bado imefungwa. Haikuinuka. Ilipita mwisho wa barabara ya kurukia, ikaingia korongoni na kuungua. Watu wote 7 waliokuwamo walikufa. Wachunguzi waliposoma kinasa-taarifa walikuta kwamba katika safari 175 zilizotangulia, marubani hao wawili waliacha ukaguzi kamili wa usukani katika asilimia 98. Ukaguzi wenyewe ni wa sekunde chache: unazungusha usukani hadi mwisho kila upande, unausukuma na kuuvuta, unatazama kama vibao vinafuata. Katika ajali zote nitakazozitaja hapa, hii ndiyo inayoniuma zaidi. Mara 170 na ushei kosa halikuwaadhibu, na kila lilipowaachia liliwafundisha kwamba si kosa.

Kwenye Cessna 172, kufuli hiyo ni kijiti cha chuma chenye kibao chekundu, na kibao hicho huziba tundu la ufunguo wa injini. Mbunifu alitaka usiweze kuwasha kabla ya kukichomoa. Ndiyo maana wakufunzi hugombeza vikali mtu anayetia msumari au boliti mahali pa kijiti kilichopotea: msumari hauzibi tundu la ufunguo.

Je, wajua haitoshi usukani uwe huru, sharti pia uwe sahihi? Fundi akiunganisha nyaya kinyume, usukani utazunguka vizuri kabisa, lakini ndege italala upande usiotakiwa. Tarehe 23 Agosti 1947 ndege aina ya Avro Tudor ilipaa kutoka Woodford, Uingereza, nyaya za aileroni, yaani vibao vya ukingoni mwa mabawa, zikiwa zimepishanishwa. Miongoni mwa waliokufa alikuwa Roy Chadwick, mhandisi aliyebuni ndege maarufu ya Lancaster. Marubani wana kipimo chepesi. Shika usukani vidole gumba vikiwa vimesimama juu, uzungushe kushoto: vidole gumba sasa vinaelekea upande ambao aileroni yake inapaswa kuwa imeinuka. Ukizungusha kulia, vivyo hivyo. Fanya hivyo hasa siku ndege inapotoka gereji.

Je, wajua petroli ya ndege ni ya buluu? Inayotumiwa zaidi na ndege ndogo, 100LL, hutiwa rangi hiyo makusudi ili macho yaitambue. Mafuta ya ndege za jeti ni ndugu wa mafuta ya taa, na hayana rangi au yana umanjano hafifu. Yakiingizwa kwa bahati mbaya kwenye tangi la injini ya pistoni, injini haizimi papo hapo. Petroli safi iliyobaki kwenye mabomba hutosha kuiwasha, kuifikisha mwanzo wa barabara na hata kuipaisha. Mchanganyiko mbaya hufika kwenye silinda ndege ikiwa tayari juu ya mapaa ya nyumba. Kipimo cha uhakika ni karatasi nyeupe: dondosha tone, subiri. Petroli hukauka ikaacha karatasi safi. Mafuta ya jeti huacha doa la mafuta.

Na maji? Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hutuama chini ya tangi, mahali hasa ambapo injini huanzia kunywa. Tangi lililolala nusu tupu kwenye unyevu wa Tanga, Mombasa au Unguja linaweza kuamka na maji yaliyotokana na hewa yake yenyewe. Cessna 172S ina vizibo 13 vya kuchujia, 5 chini ya kila bawa na 3 chini ya tumbo, na rubani huchota kidogo kila mahali kwa kikombe angavu cha plastiki. Kuna mtego humo: maji yakiwa kidogo utaona mstari kati yake na petroli, lakini kikombe kikijaa maji matupu hakuna mstari wowote, kinaonekana safi. Hapo ndipo rangi na harufu zinapookoa maisha.

Je, wajua marubani waangalifu hawaziamini geji za mafuta? Hupanda ngazi, hufungua kifuniko cha tangi na kutumbukiza kijiti cha kupimia. Kifuniko chenyewe kisipokazwa, hewa inayopita juu ya bawa huyafyonza mafuta na kuyamwaga nje safari nzima.

Kuna tundu jingine dogo la kuchungulia: la kupitishia hewa tangini. Likizibwa, mafuta yanatoka lakini hewa haiingii mahali pake, hadi yanakataa kutoka. Beryl Markham, rubani aliyekulia Kenya, alilijua hilo kwa taabu. Mnamo Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, akiwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo kutoka mashariki kwenda magharibi. Vega Gull yake, yenye usajili wa Kenya VP-KCC, ilikatikiwa na mafuta baada ya barafu kuziba matundu hayo. Alitua kwenye kinamasi huko Nova Scotia, akatoka hai, akiwa na jeraha la kichwa.

Je, wajua nyigu anaweza kuangusha ndege? Mwendo wa ndege hupimwa kwa mrija mwembamba unaotazama mbele, na nyigu wa udongo hupenda sana matundu ya namna hiyo. Tarehe 6 Februari 1996, Boeing 757 ya Birgenair iliyokuwa imekaa siku kadhaa bila vifuniko vya mirija ilipaa kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika. Kipimamwendo cha rubani kilidanganya, na watu wote 189 walikufa baharini. Wachunguzi waliona kwamba mrija ulikuwa umezibwa, na mshukiwa mkuu alikuwa kiota cha nyigu. Kama nyigu aliweza kulifanya hilo kwa ndege kubwa yenye mirija zaidi ya mmoja, fikiria Cessna yenye mmoja tu.

Kusahau kufunika kuna kinyume chake, kusahau kufunua. Julai 2018, ndege ya Malaysia Airlines ilipaa kutoka Brisbane, Australia, vifuniko vya mirija vikiwa bado havijavuliwa. Ilirudi salama. Katika ndege ndogo, rubani huangalia sindano ya mwendo mara tu anapoanza kukimbia: ndege inakimbia na sindano imelala? Kata nguvu, funga breki, rudi ukaangalie.

Je, wajua kiti cha rubani nacho hukaguliwa? Viti vya Cessna hutelezea kwenye reli, na pini ikiwa imechakaa kiti kinaweza kurudi nyuma ghafla ndege inapoinua pua. Rubani hujishikiza kwa kilicho mkononi, yaani usukani, na kuuvuta ni kuinua pua zaidi. Mwaka 1987 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza reli hizo zipimwe kila mara. Kabla ya kuondoka, jisukume mbele na nyuma kwa nguvu ukiwa umefunga mkanda.

Je, wajua injini ya ndege ndogo haihitaji betri ili iendelee kuunguruma? Cheche zake zinatoka kwenye magineto 2 zinazozungushwa na injini yenyewe, na kila silinda ina plagi 2, moja kwa kila magineto. Kabla ya kupaa rubani huongeza mizunguko, hadi 1,800 kwa dakika kwenye Cessna 172S, kisha huzima magineto moja baada ya nyingine. Mizunguko inapaswa kushuka kidogo, isizidi 150. Isiposhuka kabisa, mgeni hufurahi. Mzoefu hushtuka, kwa sababu pengine ile magineto haikuzimika. Magineto isiyozimika ina maana propela inaweza kuzunguka ghafla na kumkata mtu aliyeigusa tu kwa mkono, ufunguo ukiwa mfukoni. Hiyo ndiyo sababu hakuna anayepaswa kuegemea propela, hata kwa picha.

Je, wajua barafu inaweza kuota ndani ya injini pwani ya Afrika Mashariki? Ndani ya kabureta hewa hupanuka na petroli huvukiza, na yote mawili huiba joto, hadi nyuzi 20 na zaidi kushuka. Unyevu uliomo huganda kwenye koo la kabureta na kuikaba injini. Miongozo ya marubani ya Marekani inaonya kwamba hali hiyo inaweza kutokea hata hewa ya nje ikiwa nyuzi 38 na unyevu wa asilimia 50. Basi mpini wa joto la kabureta hujaribiwa kabla ya kila safari, hata Dar es Salaam mwezi wa Februari.

Je, wajua Nairobi mchana inaweza kuwa juu kuliko ilivyo kwenye ramani? Uwanja wa Wilson, uliopewa jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929, uko takriban futi 5,500 juu ya bahari. Vitabu vya ndege huchukulia kwamba hewa ya huko ina nyuzi 4. Ikiwa kipimajoto kinasoma 25, hewa imekuwa nyepesi kama ya futi 8,000. Huko bawa linashika hewa kidogo, propela inasukuma hewa kidogo, na injini isiyo na kisukuma hewa imebaki na kama robo tatu ya nguvu yake. Sindano ya mwendo haitakuonya: itaonyesha namba zilezile za Malindi, huku ardhi ikipita chini yako kasi zaidi na mwisho wa barabara ukija mapema. Marubani wengi wa safari za Mara na Laikipia hupenda kuondoka asubuhi kwa sababu hii. Na ukiwa juu namna hiyo, lazima upunguze petroli katika mchanganyiko kabla ya kupaa; ukiacha imejaa kama pwani, injini hukohoa na kupoteza nguvu ambazo tayari ni chache.

Cheyenne, Wyoming, iko juu zaidi, kama futi 6,150. Tarehe 11 Aprili 1996, Cessna 177 ilipaa huko katikati ya mvua ya radi. Ilikuwa imezidi uzito kwa kilo 40 na ushei, na rubani aliyeisimamia alikuwa amezoea hewa nzito ya pwani ya California. Ilianguka mara moja, ikaua watu 3, mmoja wao mtoto wa miaka 7 aliyekuwa akisafiri kuvuka Marekani huku vyombo vya habari vikimfuatilia. Wachunguzi walitaja moja kwa moja uamuzi wa kuondoka kuwa chanzo. Ratiba ikishakuwa na kamera, kusema "tusubiri" huwa kugumu, na ni hapo neno hilo linapohitajika kuliko siku nyingine zote.

Je, wajua matatizo ya barabara hayajumlishwi, huzidishwa? Mamlaka ya anga ya Uingereza hutoa hesabu hii: majani makavu ongeza asilimia 20, kila futi 1,000 za mwinuko asilimia 10, kila nyuzi 10 za joto asilimia 10, barabara ikipanda kwa asilimia 2 ongeza 10. Yakikutana yote manne, mara moja kila moja, ndege inayohitaji mita 400 sasa inataka karibu 640. Mamlaka hiyo inashauri kuzidisha tena kwa 1.33 kwa usalama: 850. Majani yakiwa mabichi na yenye maji, hesabu ni mbaya zaidi.

Ukiwa tayari unakimbia, kuna kanuni isiyohitaji kikokotoo. Ukifika nusu ya barabara bila asilimia 70 ya mwendo wa kuinukia, acha. Cessna 172S huinua pua kwenye kama kilomita 100 kwa saa, kwa hiyo nusu ya njia inapaswa kukukuta na 70. Chagua mti au jiwe la kuonyesha nusu kabla hujaanza, maana ukishaanza macho huwa na kazi nyingine.

Je, wajua ndege inaweza kuinuka na bado isiweze kuruka? Karibu sana na ardhi, chini ya kimo kinacholingana na upana wa mabawa, upinzani wa hewa hupungua. Ndege iliyozidishiwa mzigo hujiinua humo kwa urahisi, rubani akafurahi, akainua pua, na ikirudi kwenye upinzani kamili hukataa kupanda. Dawa yake ni kuishusha pua na kuiacha ikusanye mwendo palepale chini. Mkono wa mtu aliyeogopa hutaka kufanya kinyume.

Uzito ukikaa vibaya ni hatari kuliko uzito wenyewe. Baiskeli iliyofungwa gunia la mkaa nyuma huinua gurudumu la mbele. Ndege iliyojazwa mizigo nyuma huinua pua, na usukani hauna nguvu ya kuirudisha. Tarehe 25 Agosti 2001, Cessna 402 ilianguka mara tu baada ya kupaa kutoka Marsh Harbour, Bahamas, na kuwaua watu wote 9, akiwemo mwimbaji Aaliyah aliyekuwa na miaka 22. Ilikuwa imezidi uzito kwa kilo zaidi ya 300, na kitovu cha uzito kilikuwa nyuma ya mpaka. Mizani ya kupimia mizigo ingetosha. Abiria anaposhushiwa begi, anafanyiwa hisani.

Wajua pia kwamba dawa ya aleji inaweza kumzuia rubani asiruke? Utafiti wa bodi ya uchunguzi ya Marekani uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kuwa dawa yenye kuweza kupunguza umakini iliyokutwa zaidi miilini mwa marubani waliokufa ajalini ilikuwa ya aleji, ile inayosinziza na inayouzwa dukani bila cheti.

Je, wajua mlango ukifunguka angani ndege ndogo kwa kawaida haianguki? Kelele ni kubwa, karatasi hupeperuka, upepo huushikilia mlango ukiwa wazi kidogo tu. Waliokufa, wengi walikufa wakijaribu kuufunga huku wakiiacha ndege ijiendee. Rubani hurusha ndege kwanza, halafu hutafuta njia, halafu ndipo huzungumza na redio. Mlango haumo hata katika hayo matatu. Panda, zunguka, utue, uufunge ukiwa chini.

Na injini ikizima mara tu baada ya kupaa? Shusha pua papo hapo, kwa sababu ndege iliyokuwa ikipanda hupoteza mwendo ndani ya sekunde chache. Kisha tua mbele yako, ukikwepa kidogo kushoto au kulia. Kugeuka kurudi uwanjani kunavutia na kumeua wengi, hata wenye saa nyingi angani. Si nyuzi 180 tu: ili urudi kwenye mstari wa barabara unahitaji zaidi ya 200, bila injini, ukishuka. Ukiilaza ndege nyuzi 45, mwendo wa chini kabisa wa kubaki hewani hupanda kwa asilimia 19. Nyuzi 60, asilimia 41. Juu ya hayo upepo uliokuwa usoni sasa uko mgongoni, ardhi inaonekana ikikimbia, na rubani anadanganyika kwamba ana mwendo wa kutosha. Kwa hiyo wazoefu huamua kimo chao kabla ya kuanza kukimbia, na hukisema kwa sauti hata wakiwa peke yao: chini ya hapa, mbele tu.

Je, wajua mwandishi Ernest Hemingway alianguka na ndege mara mbili ndani ya siku mbili nchini Uganda? Tarehe 23 Januari 1954, Cessna 180 aliyokuwamo na wenzake iligonga waya wa telegrafu karibu na maporomoko ya Murchison. Kesho yake, huko Butiaba kando ya Ziwa Albert, ndege ya de Havilland Rapide iliyokuja kuwachukua ilirukaruka kwenye uwanja mbaya, ikashindwa kupaa na kuwaka moto. Magazeti yalikuwa yameshachapisha tanzia zake. Mwaka huohuo alishinda Tuzo ya Nobel na hakuweza kwenda Stockholm kuipokea, kwa sababu ya majeraha. Mlango wa Rapide ulikuwa umekwama, naye aliusukuma kwa kichwa hadi ukafunguka. Fremu ya ndege ikipinda, milango hukwama. Kwa hiyo katika orodha ya kutua kwa dharura ya Cessna 172, baada ya kufunga mafuta na kuzima umeme, kuna mstari unaomtaka rubani afungue kitasa cha mlango akiwa bado hewani.